Tumbo kuhamia kifuani miaka baada ya ajali: wakuu wa Nyanda za Juu, tutaje ajali zetu za zamani tukiwa hospitali

Mtoto wa Igawilo (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite salama. Ila kama umewahi kupinduka na gari au kuchomwa kisu ubavuni, vuta kiti usome.

Mdogo wangu ni utingo. Miaka kadhaa nyuma Fuso lao lilitoka Mafinga na mbao, likapoteza breki kwenye mteremko wa Mlima Nyoka, likalala ubavu. Dereva alitoka na michubuko. Dogo alibanwa na mlango, upande wa kushoto. Hospitali wakakuta mbavu zimevunjika, eksirei ikasomwa kwamba kifuani hakuna damu wala hewa, akalazwa, akapewa dawa za maumivu, akaruhusiwa. Tukamshukuru Mungu, maisha yakaendelea. Alirudi barabarani hata kabla hajapona sawasawa, mnajua utingo hana likizo ya ugonjwa.

Baadaye likaja suala la tumbo. Akila ugali akashiba, kifua kinambana, anacheua mfululizo, hawezi kulala chali mpaka chakula kishuke. Zahanati wakasema vidonda vya tumbo, wakampa omeprazole. Duka la dawa, vidonda vya tumbo. Kituo cha afya wakapima bakteria wa tumbo, kikasoma chanya (na huku kwetu nani akipimwa hakisomi chanya?), akameza dozi yote, nafuu kidogo, tatizo likarudi. Bega la kushoto nalo linauma, hilo tukalitupia mbao anazobeba.

Kilichotutisha ni usiku. Kifua kilikuwa kinaunguruma. Namaanisha kifua, siyo tumbo. Mama alikisikia akiwa amekaa kitanda cha pili. Shangazi akasema huyu katupiwa kitu, mtumishi akaitwa, watu wakakesha. Sicheki imani ya mtu, maombi hayakumdhuru, ila na muda nao ulikuwa unakwenda.

Sasa majuzi kwenye sherehe kala pilau na soda, usiku huohuo akaanguka na maumivu ya kifua, anatapika, pumzi inakata. Hospitali ya kwanza (siitaji) wakapiga eksirei, wakaona upande wa kushoto chini kuna maji na juu yake kuna hewa. Wakasema ni maji kwenye mapafu, inaweza kuwa TB, jiandaeni atobolewe ubavuni awekewe mpira yatoke. Kwa bahati mtu wa kuuweka hakuwepo usiku ule, wakaandika rufaa.

Rufaa akapokelewa na daktari kijana, intern. Akamvua shati. Akaona makovu, akauliza, "Haya ya nini?" Dogo akamweleza ajali. Yule kijana akaweka stethoskopu kifuani, akasikiliza muda mrefu sana, akahamisha, akasikiliza tena. Kisha akaagiza kwanza apitishwe mpira wa puani kwenda tumboni, ndipo eksirei irudiwe. Picha ilipotoka akatuita tuione: mpira unashuka vizuri kooni, unafika chini, halafu unapinda kurudi juu na kujikunja ndani ya kifua. Mfuko wa chakula na kipande cha utumbo mpana vilikuwa vimekaa mahali pa pafu. Yale "maji" waliyotaka kuyatoboa yalikuwa ni ile pilau na soda.

Ameshafanyiwa upasuaji, yuko wodini anaendelea vizuri. Kilichonifanya nianzishe uzi ni hiki: kote alikopita hakuna aliyemuuliza kama aliwahi kupata ajali, na yeye hakuisema kwa sababu kwake ajali ilishaisha. Wataalamu naomba mtufafanulie inakuwaje, na kwa nini siku ya ajali haikuonekana.

Kinyozi wa Soweto

Pole sana mkuu. Nimekaa kiti cha mbele, wataalamu waje.

Mbishi wa Mwanjelwa

Mkuu pole kwa mgonjwa, lakini hapa kuna jambo haliingii akilini. Ajali ya miaka hiyo itoboe leo? Kama angepasuka ndani siku ile angefia palepale Mlima Nyoka. Mimi nadhani ni mizigo mizito anayobeba sasa. Na haya magonjwa mbona zamani hatukuyasikia? Siku hizi kila mashine mpya ikija na ugonjwa wake unakuja.

Nesi wa Kihesa

Kamwene wote. Mbishi, njoo Iringa msimu wa ulanzi uone kama ni mashine.

Vijana wanagombana kilabuni, mmoja anachomwa kisu chini ya titi la kushoto. Anakuja na PF3 yake (ile fomu ya polisi ya majeruhi), kidonda hata sentimita mbili hakifiki, damu imeshakata, anapumua vizuri, anatukana vizuri. Kinasafishwa, kinashonwa, sindano ya pepopunda, kesho anataka kuruhusiwa kwa sababu anataka kwenda polisi kumfungulia mwenzake kesi. Sote tunatazama kidonda. Kisu kiliishia wapi, hilo mara nyingi linabaki na kisu chenyewe.

Nimeona waliorudi. Mmoja alirudi miaka mingi imepita, tumbo limefunga, anatapika, kwenye kadi mpya hakuna neno lolote kuhusu kisu kwa sababu kadi ya zamani ilipotea. Kovu lenyewe lilikuwa dogo, limefichwa na chale za dawa za kienyeji alizochanjwa kwa ajili ya hayohayo maumivu. Ndugu zangu, ukipewa karatasi ya kuruhusiwa usifungie maandazi.

Dokta Vumbi

Mwanzisha uzi, pole, na mpe hongera yule intern. Mimi ni daktari wa upasuaji. Naeleza kwa ujumla, simtibu mtu humu.

Kati ya kifua na tumbo kuna msuli mpana na mwembamba unaoitwa kiwambo. Ndio msuli mkuu wa kupumua. Haujalala bapa kama watu wanavyodhani, umepinda kwenda juu, na ukitoa pumzi yote sehemu yake ya juu hufika karibu na usawa wa chuchu. Kwa hiyo kisu kinachoingia popote kati ya chuchu na mwisho wa mbavu kinaweza kupita kifuani, kikatoboa kiwambo, kikaingia tumboni, na wewe nje ukaona kidonda kimoja tu "cha kifua". Alichosema Nesi ndicho hicho.

Kwenye ajali ya gari hakuna kisu. Tumbo linabanwa ghafla, mgandamizo unapanda kwa kasi, na kiwambo kinapasuka pale kilipo dhaifu. Takribani robo tatu ya majeraha haya huwa upande wa kushoto. Kulia kuna ini, limekaa chini ya kiwambo na kukikinga. Kushoto nyuma, kiwambo chenyewe ni dhaifu zaidi tangu mtu anavyoumbwa tumboni mwa mama. Kugongwa ubavuni ni hatari zaidi kwa kiwambo kuliko kugongwa kwa mbele.

Sasa jibu la Mbishi. Swali lako ni la haki. Mbavu ikivunjika inaunga kwa sababu inapata nafasi ya kutulia. Kiwambo hakitulii. Unapumua mara 15 hivi kwa dakika, usingizini na macho, na kila pumzi inavuta kingo za tundu zisikutane. Juu ya hapo, mgandamizo ndani ya kifua ni mdogo kuliko wa tumboni. Ukiwa umetulia tofauti ni kama sentimita 7 hadi 20 za maji (ndicho kipimo cha mgandamizo). Ukikohoa, ukijikamua chooni au ukinyanyua mzigo, inaweza kupita 100. Kila siku vya tumboni vinasukumwa kuelekea kifuani. Gunia la lumbesa likitoboka ubavuni, kiazi kikishachungulia hakirudi ndani, na kila ukilibeba kinatoka kingine.

Huanza kupita mafuta yanayofunika utumbo, na hayo yanaweza kuliziba tundu na kumfanya mtu asisikie chochote muda mrefu. Kisha mfuko wa chakula, utumbo mpana, bandama, na hiyo ndiyo inaitwa ngiri ya kiwambo. Daktari Grimes wa Marekani mwaka 1974 aliugawa mwendo wa jeraha hili katika awamu tatu: ya kwanza ni siku za ajali yenyewe; ya pili ni kipindi cha kimya au cha malalamiko yasiyoeleweka, ambayo kwa Tanzania yote huitwa vidonda vya tumbo; ya tatu ni pale kilichopanda kinapokabwa kwenye tundu, chakula hakipiti, damu haipiti, kinaanza kuoza. Awamu ya pili inaweza kuwa ya wiki chache, na wapo waliokaa nayo zaidi ya miaka 20. Huyo dogo aliokotwa mlangoni mwa awamu ya tatu.

Na lumbesa au mbao havikutoboa kiwambo chake, Mbishi. Vilikuta tundu, vikasukumia.

Kwa nini haikuonekana mwanzoni? Mara nyingi siku ya ajali bado hakuna kilichopanda. Eksirei haioni tundu, inaona kilichopita kwenye tundu. Kama mgonjwa amewekwa kwenye mashine ya kupumulia, mashine inasukuma hewa kifuani na kuvizuia vya tumboni visipande, ukimtoa ndipo vinapanda. Na majeruhi aliyevunjika paja na kupasuka kichwa anavuta macho ya kila mtu huko.

Mbishi wa Mwanjelwa

Sawa dokta, hapo kwenye pumzi umenishika. Lakini suala la mashine hujalijibu. Zamani walikuwa wanakufa na nini?

Dokta Vumbi

Walikuwa wanakufa na hilihili. Mwaka 1579 Ambroise Paré, daktari wa upasuaji wa Ufaransa, aliandika habari za kapteni wa mizinga aliyepigwa risasi, jeraha likapona, akafa miezi 8 baadaye kwa maumivu ya tumbo. Walipompasua maiti walikuta utumbo mpana umepita kwenye tundu la kiwambo ambalo ncha ya kidole kidogo tu ndiyo ingeingia.

Kumtambua mgonjwa angali hai ndiko kulikochelewa. Anayetajwa kuanza ni Bowditch, Marekani, mwaka 1853, wakati eksirei iligunduliwa 1895. Hakuwa na mashine yoyote. Moja ya dalili alizoorodhesha ni kusikia utumbo ukinguruma kifuani. Kwa hiyo mama wa mwanzisha uzi, aliyesikia kifua kinaunguruma, alishautambua ugonjwa kabla ya hospitali ya kwanza, tatizo hakuna aliyemuuliza.

Angalieni pia ukubwa wa tundu la yule kapteni. Ajali ya gari kwa kawaida inachana kiwambo sana, sentimita 10 na zaidi, vitu vinapanda na kushuka. Kisu kinaacha tundu dogo. Tundu dogo ndilo baya, kwa sababu kinachopenya hakipati nafasi ya kurudi na kinakabwa haraka.

Semi Tatu Tunduma

Mimi ni dereva, njia yangu Dar hadi Tunduma, Kitonga na Inyala nazijua kama chumba changu. Dokta umesema kushoto ndiko dhaifu. Sasa fikirieni: Tanzania usukani uko kulia, kwa hiyo utingo anakaa kushoto, ubavu wake wa kushoto uko mlangoni. Gari ikilalia kushoto anayebanwa ubavu wa kushoto ni yeye. Dereva amepewa mkanda, mara nyingine na godoro nyuma. Utingo mkanda wake umekatika tangu gari lilipotoka Japani. Wengine wanasafiri juu ya mzigo kabisa.

Sikuwahi kulifikiria hivi mpaka leo. Nina matingo wawili wamepita mikononi mwangu waliobanwa, mmoja mpaka leo akila anasimama. Nampigia sasa hivi.

Dokta Vumbi

Semi, mpigie. Na upande wako wa kulia usijione umepona: kulia kukipasuka maana yake nguvu ilikuwa kubwa sana, ini lenyewe linaweza kupanda, na picha inadanganya zaidi kwa sababu inaonekana tu kama kiwambo kimenyanyuka.

Tabibu Asilia Mbozi

Ngiri zote zinatibika BILA KISU. Dawa ya unga siku 21, inashusha ngiri ya kifua, ngiri maji, ngiri ya korodani, nguvu zinarudi, mirija inazibuka. Njoo inbox.

Nesi wa Kihesa

Huyu naye. Mzee wangu, unga gani utakaoshona msuli? Unga ukimezwa unaenda kwenye mfuko wa chakula, na mfuko wenyewe uko kifuani unakabwa. Modereta, tusaidie.

Modereta

Chapisho la biashara limefungiwa majibu. Endeleeni na mada.

Kinyozi wa Soweto

Swali la mshamba. Kuna jirani aliambiwa ana ngiri kwenye kifua, anapewa dawa za asidi tu, hajapasuliwa. Ni hii?

Dokta Vumbi

Siyo hii. Kiwambo kina uwazi wa asili ambao umio, yaani mrija wa chakula kutoka kooni, unapita kwenda tumboni. Uwazi huo ukilegea, kipande cha mfuko wa chakula huteleza juu. Hiyo ni ya kawaida, hasa kwa watu wazima na wanene, na wengi hutibiwa kwa dawa na kubadili ulaji. Ya ajali inapita kwenye mpasuko usiotakiwa kuwepo. Hii ya ajali, dawa ya asidi haiigusi, na ikishagundulika hushonwa hata kama mgonjwa anajisikia vizuri siku hiyo, isipokuwa kama mwili wake hauwezi kabisa kubeba upasuaji.

Mama Nakupenda

Jamani mmenitisha. Nilipata ajali ya bajaji Uyole, nikalalia ubavu, nikalazwa. Sasa nina ujauzito wa miezi sita, nikila kidogo tu nashiba na kifua kinabana. Ni hiyo?

Dokta Vumbi

Mama, usitishike. Miezi sita ya ujauzito kushiba haraka na kubanwa kifua ni jambo la wajawazito walio wengi, na sababu ni mtoto anayekua. Ila usilinyamazie. Kwenye kliniki ijayo mwambie mkunga maneno haya: "Nilipata ajali, niliumia ubavu, na ningependa daktari anisikilize kifua." Usiogope eksirei moja ya kifua kama daktari ataona inahitajika, mionzi yake ni midogo sana na tumbo linaweza kukingwa. Ni kweli mfuko wa uzazi unapopanda unasukuma vitu, na kusukuma wakati wa kujifungua kunaongeza mgandamizo, kwa hiyo ni vizuri ijulikane kabla. Ukianza kutapika mfululizo huku kifua au juu ya tumbo panauma sana, usingoje kliniki.

Mama Nakupenda

Asante dokta, ubarikiwe. Kliniki ni Jumatano.

Mtoto wa Igawilo

Dokta, hebu rudi pale kwenye mpira wa ubavuni. Kama yule mtu wa zamu angekuwepo, wangeuweka. Ingekuwaje?

Dokta Vumbi

Mpira ungeweza kutoboa mfuko wa chakula. Chakula na asidi vingemwagika kifuani, na hapo unapata maambukizi mazito ambayo hata aliye imara anayashinda kwa shida. Limeshatokea sehemu nyingi duniani, kwenye hospitali kubwa zenye kila kitu. Picha inafanana mno: mfuko wa chakula wenye majimaji chini na gesi juu unatoa mstari uleule wa maji na hewa kifuani. Huku kwetu TB ipo, usaha wa kifua upo, na Juni hadi Julai baridi ya Uyole na Makete inajaza wodi watu wa nimonia. Daktari aliyeona kesi hamsini za maji kifuani akiona ya hamsini na moja mkono unaenda wenyewe kwenye mpira. Kinachomsimamisha ni sentensi moja ya mgonjwa: "Niliwahi kupata ajali."

Halafu kupitisha mpira wa puani kwanza kunafanya mambo mawili. Kunamwaga kilichojaa, mgonjwa anapumua, na ukipiga picha mpira unakuonyesha mfuko ulipo. Tahadhari yake usilazimishe ukigoma kupita.

Wodi ya Nane

Na mimi ni wa upasuaji, niko mikoa hiihii. Nakubaliana na Dokta Vumbi karibu kote. Nataka kuongeza kwenye upasuaji wenyewe maana mwanzisha uzi hakuuelezea.

Ajali ikiwa mbichi tunafungua tumbo, kwa sababu aliyepasuka kiwambo mara nyingi ana bandama au utumbo uliopasuka pia. Ikiwa ya zamani, vilivyopanda vinakuwa vimegandana na pafu na ukuta wa kifua, na wengi hupenda kuingilia kifuani ili wavibandue kwa kuviona. Mimi hata za zamani huanzia tumboni, na nikikwama naongeza njia ya kifua. Tundu linashonwa kwa nyuzi nene zisizoyeyuka. Likiwa kubwa kiasi kwamba kingo hazikutani, linawekewa wavu. Vilivyooza vinakatwa, na hapo ndipo upasuaji unapobadilika kutoka wa kawaida kuwa wa kuokoa roho.

Dokta Vumbi

Wodi ya Nane, hapo kwenye za zamani tutabishana mpaka kesho. Utumbo uliogandana na pafu, ukiuvuta kutokea chini bila kuuona unachana.

Wodi ya Nane

Ndiyo maana sivuti nisichokiona. Na ukiingilia kifuani ukakuta utumbo umeoza, utaukatia na kuuunga humohumo? Utashuka tumboni tu. Na mimi mtaalamu wa usingizi niliye naye hajazoea kulilaza pafu moja lisijae hewa wakati tunapasua.

Dokta Vumbi

Hapo kwenye usingizi nakupa. Kila mtu na anachokimudu mahali alipo.

Mtoto wa Igawilo

Dogo wamemfungua tumbo, kisha ana mpira kifuani umeingia kwenye chupa ya maji chini ya kitanda. Kila saa wanamwambia avute pumzi ndefu, anakasirika. Wanasema pafu lilikuwa limesinyaa linatakiwa lijae tena. Swali letu kubwa ni kazi. Anataka kurudi garini.

Wodi ya Nane

Avute pumzi hata akikasirika, na akohoe huku ameshika mto kwenye mshono. Mizigo mizito asiguse kwa wiki 6 za mwanzo kwa uchache, na kwa kazi ya utingo mimi ningemwambia miezi 3, kisha aliyempasua amwone kabla hajarudi. Kuendesha au kukaa ndani ya gari anaweza kuanza mapema zaidi ya hapo, kinachohesabika ni kunyanyua. Na asivute sigara, kikohozi cha sigara kinajaribu nyuzi kila asubuhi.

Semi Tatu Tunduma

Miezi mitatu utingo bila posho atakula nini? Hana mkataba, bosi akimpeleka hospitali siku ya ajali anaona kamaliza. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kisheria na mwajiri anatakiwa kuchangia, lakini mtu ambaye hajaandikwa popote atadaije? Na ajali yenyewe mpaka leo labda ni ile karatasi ya polisi tu inayoonyesha alikuwa ndani ya gari lile.

Nimempata yule kijana wangu, yuko Makambako. Anasema huwa anasikia "maji yanacheza" upande wa kushoto akiinama. Nimemwambia asubuhi aende na asitaje vidonda vya tumbo kabisa, aanze na ajali.

Nesi wa Kihesa

Semi, umefanya la maana. Mwambie asiende na wenye haraka. Akifika dirishani aseme lini alibanwa, upande gani, alilazwa wapi. Akivua shati aonyeshe kovu, asisubiri kuulizwa. Na usiku huu akishikwa na maumivu makali, kutapika, kukosa choo na upepo, pumzi fupi, moyo unakimbia, aende muda huohuo, asile, asinywe, na asikandwe tumbo na mtu yeyote. Habari ya kunywa dawa ya kuharisha ili "kifunguke" aisahau.

Mbishi wa Mwanjelwa

Nimeelewa. Mimi mwenyewe nina kovu la chupa hapa chini ya titi, ugomvi wa ujana, sina maumivu yoyote. Naanzia wapi? Nimeona bango la utrasaundi hapa mtaani bei nafuu, nifanye hiyo?

Dokta Vumbi

Usianzie bangoni. Utrasaundi ni nzuri kwa ini, figo, ujauzito na kuona damu tumboni, lakini gesi ya utumbo inaizuia kuona, na kwa kiwambo inategemea sana mkono wa anayepima. Ikisema "salama" hujathibitisha kitu.

Anza na daktari akusikilize, kisha eksirei ya kifua ukiwa umesimama, hiyo hospitali nyingi za wilaya zinayo. Beba na picha za zamani kama zipo, kulinganisha kunasaidia kuliko unavyodhani. Ikionyesha kiwambo cha kushoto kimenyanyuka au kuna kiputo cha gesi mahali si pake, hatua inayofuata ni siti skani, au wakunyweshe dawa nyeupe ya bariamu wafuatilie inapita wapi. Tundu dogo la chupa ambalo bado hakijapita kitu hata siti skani inaweza kulikosa. Lenye uhakika ni kuingiza kamera ndogo tumboni au kifuani, na hilo kwa mtu asiye na dalili wala picha yenye shaka halifanywi hivihivi. Kwa hali uliyoeleza, eksirei moja, kovu liandikwe kwenye faili lako, na siku ukianza kucheua ovyo baada ya kula usikubali dozi ya tatu ya vidonda vya tumbo bila kupigwa picha nyingine.

Mbishi wa Mwanjelwa

Kwenye faili niseme ni chupa au niseme nilianguka?

Nesi wa Kihesa

Sema chupa. Polisi hawaji kwa ugomvi wa mwaka huo, na aliyeanguka hatafutwi tundu.